Alichagua mlima, wauzaji wakachagua mipaka: kisa cha ardhi ya Baxter, Maine

Novemba 1930 kampuni ya karatasi ya Great Northern iliuza mlima. Uliouzwa ni sehemu kubwa ya Katahdin, mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Maine, kule pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani: ekari 5,960 kwa dola 25,000. Ukipiga hesabu unapata dola nne na senti kidogo kwa ekari. Mnunuzi alikuwa Percival Baxter, mwanasheria wa mji wa Portland aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo, na fedha zilitoka mfukoni mwake. Mwaka uliofuata aliukabidhi mlima kwa jimbo ili uwe hifadhi ya watu wote. Hakuishia hapo. Alinunua na kukabidhi, akanunua tena na kukabidhi tena, vipande 28 katika muda wa miaka 32, mpaka mwaka 1962, akiwa mzee wa miaka 85, hifadhi ikafikia ekari 201,018. Hizo ni zaidi ya hekta 81,000.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya tajiri mwenye moyo mweupe. Moyo huo alikuwa nao, sibishi. Lakini mtu anayeshughulika na ardhi akiweka ramani ya hifadhi mezani na hati zake pembeni, anaona jambo jingine. Baxter alichagua mlima tu. Mipaka mingine karibu yote ilichaguliwa na wauzaji, kwa maana kwamba kila mpaka umekaa pale ambapo mtu fulani alikubali kuachia au alikataa. Kilichobaki mikononi mwa mnunuzi ni kalamu ya kuandikia hati. Kwa kalamu hiyo alifanya mambo makubwa, na kwa kalamu hiyo hiyo akawaachia waliomfuata kazi ya kugombana kwa nusu karne.

Mlima wenye mwenyewe

Kwa msomaji wa Tanzania jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba mlima ulikuwa na mwenyewe. Sisi tumezoea kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Kilimanjaro ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973 hakuna aliyepeleka hundi kwa mwenye kilele. Maine walifika kwenye hundi kwa njia yao.

Hadi mwaka 1820 Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts. Walipoachana waligawana ardhi ya pori kama wanandoa wanaogawana vyombo, na wote wawili walikuwa na shida ya fedha taslimu. Pori likapimwa kwa miraba, kila mraba maili sita kwa maili sita, ekari 23,040, likauzwa. Miraba hiyo haikupewa majina ya vijiji kwa sababu vijiji havikuwepo. Ilipewa namba, na namba ndizo zinazotumika hadi leo kwenye hati: mraba wa Katahdin ni T3 R9 WELS, yaani kitongoji cha tatu katika safu ya tisa, magharibi ya mstari wa mashariki wa jimbo. Wanunuzi walikuwa walanguzi na wafanyabiashara wa magogo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 jimbo lilikuwa limeuza au kugawa karibu kila kitu. Lilibakiza ekari elfu moja katika kila mraba kwa ajili ya shule na kanisa, na hata hizo, kwa kuwa haki ya kukata miti iliyomo ilikwishauzwa, jimbo lilizisahau kwa karibu miaka mia. Ilibidi kelele za magazeti na kesi za miaka ya 1970 ndipo likumbuke kwamba lina shamba.

Tatizo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Matajiri wa magogo hawakupenda kumiliki mraba mzima peke yao, kwa sababu moto mmoja ungewafilisi. Walimiliki kwa hisa zisizogawanywa: huyu ana sehemu yake, yule ana yake, na kila mmoja ana haki juu ya kila mti uliomo. Fikiria shamba la ukoo ambalo marehemu aliliacha bila kusema nani achukue upande gani, kisha wajukuu wakauziana hisa na watu baki. Ukinunua hisa ya mmoja hujapata kilele wala bonde, umepata ushirika. Great Northern ilikuwa katika hali hiyo, na alichokipata Baxter mwaka 1930 kilianza kama hisa. Ilibidi ardhi igawanywe kwanza kati yake na wenzake wa hisa ndipo mlima uwe kiwanja chenye mipaka yake ambacho mtu anaweza kumpa mwingine. Wanaosimulia kisa hiki huipita hatua hii kwa sentensi moja, nami naona ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa kuliko zote. Mgawanyo ungeenda vingine, jimbo lingepewa miteremko na kilele kikabaki kwa muuza magogo.

Jinsi mlima ulivyochaguliwa

Baxter hakutumwa na kamati ya wataalamu. Agosti 1920 alipanda Katahdin na kundi la wenyeji, akapita juu ya ukingo mwembamba wa mawe unaounganisha vilele viwili, ule wanaouita Knife Edge, yaani makali ya kisu. Ukingo huo una urefu wa zaidi ya maili moja, na mahali pengine upana wake hauzidi hatua chache, huku pande zote mbili kukiwa na korongo. Kwa kimo Katahdin ni mita 1,605 tu, si kitu mbele ya Meru, lakini unasimama peke yake juu ya tambarare ya misonobari na maziwa, na hakuna kinachoushindanisha jichoni.

Wakati huo Baxter alikuwa mbunge katika bunge la jimbo na alikwishaanza kudai mlima huo uwe wa umma. Mwaka 1920 Maine ilitimiza miaka mia tangu iwe jimbo, na yeye aliona hakuna zawadi ya kufaa kuliko hiyo. Januari 27, 1921 aliwahutubia wapenda uwindaji na uvuvi wa jimbo, akawaeleza jinsi baba zao walivyouza misitu kwa bei ya kutupa, na akaomba jimbo linunue mlima na ardhi inayouzunguka pamoja na ziwa la Katahdin lililo mashariki yake. Ziwa hilo tutalirudia. Siku chache baadaye gavana Frederic Parkhurst alifariki, akiwa hajamaliza hata mwezi ofisini. Baxter, kama rais wa Seneti ya jimbo, akakalia kiti chake.

Ungedhani gavana anayetaka hifadhi ataipata. Hakuipata. Alikaa madarakani hadi mwanzoni mwa 1925 na bunge halikumpa hata senti ya mlima. Kampuni za karatasi na za umeme wa maji zilikuwa na watu wengi katika bunge lile, na wabunge waliotoka mashambani waliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini kodi ya mkulima wa viazi inunue mawe yasiyoota hata uyoga. Na tuseme ukweli, Baxter naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Huyu ndiye gavana ambaye mwaka 1923 alishusha bendera ya jimbo nusu mlingoti kwa sababu mbwa wake Garry amekufa. Askari wa zamani waliwaka kwa hasira.

Alipotoka ofisini alibadili njia. Kama jimbo halitaki kununua, atanunua yeye. Fedha alikuwa nazo: baba yake, James Phinney Baxter, alitajirika kwa viwanda vya vyakula vya makopo, na alikuwa meya wa Portland aliyetengeneza bustani na barabara ya miti kuzunguka ghuba ya mji huo. Mtoto alikuwa amekulia ndani ya mazungumzo ya viwanja na hati. Hakuoa, hakuwa na watoto wa kuwarithisha.

Lakini fedha peke yake haikutosha. Garret Schenck, rais wa Great Northern, hakutaka kusikia habari ya kuuza. Baxter alisubiri. Schenck alifariki mwaka 1928, akaingia William Whitcomb, na kwa huyu mlango ulifunguka kidogo. Kisha uchumi ukaanguka mwaka 1929. Msitu ule wa mlimani ulikuwa mgumu kuufikia kwa magogo, na dola 25,000 mkononi zilikuwa na maana. Mtu angesema ni bahati. Mimi nasema ni aina ya subira ambayo taasisi ya serikali haiwezi kuwa nayo, kwa sababu bajeti yake inakufa kila mwaka. Aliyesubiri kifo cha muuzaji na anguko la soko ni mtu binafsi aliyekuwa na miaka ya kupoteza.

Hapa inafaa kutazama jirani kidogo. Miaka hiyo hiyo, jimbo la Virginia lilitaka ardhi ya Shenandoah ili liikabidhi kwa serikali kuu. Mwaka 1928 likapitisha sheria ya kutwaa kwa lazima kwa mkupuo, likathamini, likalipa fidia, na karibu familia 500 zikaondolewa milimani. Hifadhi ilizinduliwa baada ya miaka michache tu. Baxter hakumtwalia mtu hata ekari moja. Alichukua miaka 32. Ukitaka kulinganisha gharama, usiweke dola peke yake kwenye mizani.

Aliyepokea na masharti yake

Machi 1931 Baxter aliandika hati ya kwanza na bunge lile lile lililomkatalia likaipokea. Lilimshukuru kwa kuipa hifadhi jina lake na kukiita kilele kikuu Baxter Peak, jina ambalo kabla ya hapo lilikuwa Monument Peak. Bunge linapopewa bure lina shukrani sana.

Isomeke vizuri, hakutoa zawadi ya kawaida. Zawadi ya kawaida ukishatoa umetoa. Mpokeaji anaweza kuiuza kesho. Baxter alitoa kwa amana. Jimbo linashika hati kama mdhamini, wenye faida ni watu wa Maine, na masharti yamo ndani ya hati yenyewe. Kisha kila hati ilipelekwa bungeni ikakubaliwa kwa sheria, kwa hiyo masharti yana miguu miwili: ni amana, na ni sheria ya jimbo. Katika hati alizoziandika baadaye maneno yanayorudiwa ni kwamba ardhi hiyo iachwe milele katika hali yake ya asili ya pori, iwe milele kimbilio la wanyama pori na ndege, na itumike milele kama msitu wa umma, hifadhi ya umma na mahali pa mapumziko ya umma.

Neno milele limo mara tatu katika sentensi moja. Na ukitulia utaona sentensi hiyo inabishana na yenyewe. Kimbilio la wanyama na mahali pa mapumziko ya watu haviendi pamoja siku ambayo magari 500 yamefika langoni. Baxter alilijua hilo. Katika barua na nyongeza za hati alieleza kwamba pori ni la kwanza na starehe ni ya pili: asiyeweza kutembea kwa miguu asilalamike kwamba hakuletewa barabara. Hati ya kwanza kabisa ilikataza kujenga barabara mpya za magari ndani ya eneo lile. Ndiyo maana hadi leo barabara ya ndani ni ya changarawe na nyembamba, kambi hazina umeme wala maji ya bomba, na maegesho yakijaa lango linafungwa, hata kama umesafiri siku nzima. Na mbwa ni marufuku. Hifadhi ya mtu aliyeshusha bendera kwa ajili ya mbwa haimruhusu mbwa kuingia.

Usimamizi nao aliufikiria kwa jicho la mtu aliyewaona wanasiasa kwa karibu. Hifadhi haiko chini ya idara ya hifadhi nyingine za jimbo. Ina mamlaka yake yenye watu watatu: Mwanasheria Mkuu wa jimbo, mkurugenzi wa huduma ya misitu, na kamishna wa samaki na wanyamapori. Watatu hawa wapo kwa vyeo vyao, hivyo gavana hawezi kumweka rafiki yake asiye na cheo hicho. Fedha za uendeshaji zinatoka kwenye viingilio na kwenye mfuko alioacha Baxter, karibu dola milioni 7 alipofariki mwaka 1969, badala ya kutoka kwenye kodi. Mkazi wa Maine akifika langoni na gari lenye namba za jimbo halipi kiingilio. Nani atakayekwenda bungeni kusema hifadhi ifungwe ili kuokoa bajeti, wakati bajeti haikuguswa?

Aliyetaka kuipokea kwa nguvu

Mwaka 1937 Ralph Owen Brewster, aliyemrithi Baxter kwenye ugavana na sasa akiwa mbunge Washington, alipeleka muswada wa kuifanya Katahdin hifadhi ya taifa. Alikuwa na wenzake wenye sababu nzuri. Njia ndefu ya miguu ya Appalachia ilikuwa inaishia juu ya mlima ule, watembeaji walikuwa wanaongezeka, na jimbo lilikuwa halijaweka hata mlinzi wa kutosha. Myron Avery, kiongozi wa watu wa njia hiyo na mzaliwa wa Maine, aliunga mkono.

Baxter alipigana kama aliyetiwa kidole jichoni. Alisema serikali kuu italeta mahoteli na barabara za lami, na kwamba amana aliyoiandika na watu wa Maine haiwezi kupokonywa na mtu wa tatu. Muswada ulikufa. Wengine husema ni wivu wa mtu na jina lake, na sidhani wamekosea kabisa. Ila kwa upande wa ardhi vita hii ilifanya kazi moja muhimu: ilimfundisha Baxter kwamba ekari 5,960 ni kisiwa, na kisiwa kidogo kinamezwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 alianza kununua pembezoni kwa kasi.

Bei ya kila pembe

Hapa ndipo wauzaji walipochukua ramani. Baxter alikuwa na picha kichwani ya mlima uliozungukwa na pori pande zote. Soko lilimpa miraba iliyopatikana, kwa wakati iliyopatikana, kutoka kwa kampuni na warithi waliokuwa na mambo yao. Vipande vingine muuzaji aliachia ardhi lakini akabakiza haki ya kuvuna miti kwa miaka kadhaa, kwa hiyo jimbo likapokea hati ya pori milele na wakati huo huo shoka linalia ndani yake. Baxter alikubali, kwa hesabu kwamba miti hukua tena lakini fursa ya kununua hairudi.

Kisha wakaja wawindaji. Watu wa miji ya karibu, Patten na kwingineko, walikuwa wanawinda katika misitu ile tangu babu zao. Kila alipoongeza mraba, wao walipoteza mraba. Walipeleka malalamiko bungeni, na bunge ndilo lililopaswa kupokea kila hati. Kwa hiyo hati za baadaye, hasa za upande wa kaskazini na kipande cha kusini, zikaandikwa kwa masharti tofauti: humu uwindaji na mitego vinaruhusiwa. Leo karibu robo ya hifadhi iko hivyo. Ila musi, yule paa mkubwa wa kaskazini mwenye pembe pana kama sinia, haruhusiwi kuwindwa popote ndani yake.

Na mwaka 1955, katika pembe ya kaskazini magharibi, aliandika sharti ambalo wapenda pori wengi hawajalimeza hadi leo. Ekari 29,537 zilitengwa kwa ajili ya kuvuna miti kitaalamu. Baxter alikuwa ameiona misitu ya Ulaya inayovunwa kwa karne nyingi bila kuisha, akataka watu wa Maine waone kwa macho yao kwamba mti unaweza kukatwa kwa adabu. Mtu anaweza kuuliza, kimbilio la milele linakuwaje na msumeno? Jibu lake ni kwamba ni hati tofauti. Kila kipande kina hati yake, na hati yake ndiyo sheria yake. Hakuna katiba moja ya hifadhi nzima. Mlinzi anayefanya doria anavuka, katika siku moja ya kutembea, mahali ambapo bunduki ni kosa, mahali ambapo ni halali, na mahali ambapo lori la magogo lina haki kuliko yeye.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa maofisa wetu walichunguze kabla ya kumsifia Baxter. Ukinunua kwa miaka 32, wewe wa mwaka wa 32 si yule wa mwaka wa kwanza. Mahitaji yamebadilika, wapinzani wamebadilika, na kila mara unaandika maneno mapya juu ya ardhi inayopakana na maneno ya zamani. Alijaribu kurekebisha: alirudi bungeni mara kwa mara kutoa tafsiri ya hati zake mwenyewe, naye alikuwa hai kutafsiri. Baada ya 1969 hakuna wa kumuuliza.

Mtihani haukuchelewa. Novemba 1974 upepo mkali uliangusha msitu katika upande wa magharibi. Miti ililala kama nyasi zilizofyekwa, na mamlaka ikaogopa moto. Ikapanga kuitoa kwa mitambo mizito. Wananchi kadhaa wakaenda mahakamani wakisema mitambo hiyo inavunja amana: hali ya asili ya pori maana yake hata mti ulioanguka uoze pale pale. Wakati kesi inaendelea, Julai 1977, radi ikawasha moto ukala maelfu ya ekari, na kila upande ukasema mnaona sasa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Maine, katika kesi ya Fitzgerald dhidi ya Mamlaka ya Hifadhi ya Baxter, ilisema raia wa Maine wanaotumia hifadhi wana haki ya kuidai amana mahakamani. Hukumu hiyo kwangu ni nzito kuliko kilele. Amana ambayo hakuna anayeweza kuidai ni karatasi. Kuanzia hapo kila mkazi wa Maine anayepanda mlima ule ni mtu ambaye mamlaka inaweza kukutana naye kortini.

Ambao hawakuulizwa

Nimesema Baxter hakumtwalia mtu ekari moja, na ni kweli kwa upande wake. Lakini jina Katahdin ni la Wapenobscot, wenyeji wa asili wa Maine, na maana yake ni mlima mkubwa kuliko yote. Kwao huko juu anakaa Pamola, roho ya dhoruba, na kupanda hovyo si adabu. Ardhi ile ilipopimwa kwa miraba na kuuzwa baada ya 1820 wao hawakuulizwa. Katika miaka ya 1970 Wapenobscot na Wapassamaquoddy walidai mahakamani karibu theluthi mbili za jimbo zima, wakisimamia sheria ya Marekani ya mwaka 1790 iliyokataza ardhi ya wenyeji kuchukuliwa bila idhini ya serikali kuu. Dai halikuwa la mzaha: lilitikisa hati nyingi za Maine, na lilimalizwa mwaka 1980 kwa sheria ya Bunge la Marekani na dola milioni 81.5. Kwa hiyo mnyororo wa hati alioununua Baxter kwa uangalifu wote ulikuwa na pete iliyolegea mwanzoni kabisa, kabla ya muuza magogo wa kwanza. Tangu 1981 Wapenobscot hukimbia na kupiga kasia kila mwaka kutoka kisiwa chao hadi chini ya mlima, maili mia moja, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Hawaombi hati. Wanafika.

Ziwa

Lirudie lile ziwa la hotuba ya 1921. Ziwa Katahdin liko mashariki ya mlima, na ukikaa ufukweni ndipo unauona mlima mzima umesimama. Lilikuwa ndani ya ombi lake la kwanza kabisa. Alinunua kaskazini, akanunua kusini, akanunua magharibi, ziwa halikupatikana. Alipofariki, mpaka wa hifadhi ulikuwa umelifikia karibu na kuliacha nje, mikononi mwa wenye misitu.

Mwaka 2006, miaka 37 baada ya kifo chake, shirika la Trust for Public Land lilikusanya karibu dola milioni 14 za watu binafsi ili ziwa liingie hifadhini. Mpango ulihusisha pia kuuza baadhi ya ardhi ya umma kwingineko katika jimbo, zile zile ekari za shule na kanisa zilizosahauliwa, kwa hiyo ulihitaji theluthi mbili za kura bungeni. Na bungeni walikuwepo wawindaji, kama walivyokuwepo miaka ya 1950. Kama ardhi yote itaingia kwenye kimbilio la wanyama, walisema, hatupigi kura.

Wakapewa. Ziwa na zaidi kidogo ya ekari 4,000 viliingia hifadhini kwa masharti ya Baxter, bila bunduki. Ekari nyingine kama 2,600 upande wa kaskazini ya ziwa zilikwenda kwa idara ya ardhi za umma ili watu waendelee kuwinda. Ukianza asubuhi ziwani ukaelekea kaskazini, kuna mahali msituni ambapo unavuka mstari ambao haufuati mto wala kilima. Nyuma yako mnyama ana kimbilio, mbele yako anaweza kuwindwa, na mbwa, ambaye hakuruhusiwa kufika ziwani, anaweza kukutangulia.